Gauni la Treni ya Waume

Saa nane mchana kijakazi wa Bi Wattel alikuja kwenye duka letu la dobi kuuliza kama gauni la bibi yake limeshapigwa pasi. Bi Quenu, mwenye duka, hakuinua hata kichwa. Alimjibu kwamba gauni limepelekwa tangu asubuhi na aliyelipeleka ni Zulma. Wanawake wote wa meza ya pasi wakanigeukia, maana Zulma ni mimi. Nikasema ndiyo, nimelipeleka. Hapo hapo nikauona tena mlango wa nyuma nilioubisha asubuhi, na mpishi mzee kiziwi aliyenipokea kifurushi, nikakumbuka kwamba mpishi wa Bi Wattel si mzee na si kiziwi.

Ilikuwa Jumamosi. Mers nzima, mji wetu wa pwani, majira ya joto huishi kwa kusubiri Jumamosi. Wiki nzima mabibi wanakaa ufukweni na watoto, na waume wako kazini Paris. Jumamosi saa kumi na mbili jioni treni inawaleta, na kila mke husimama stesheni amevaa gauni jeupe lililopigwa wanga mpaka linasimama lenyewe. Mke atakayeonekana pale na gauni la Jumanne atasemwa mpaka mwezi wa tisa.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Majira manne ya joto nilikuwa nimebeba kapu la kupelekea nguo, na Jumatatu ile nilikuwa niingie mezani kupiga pasi, kwa sababu Odile alikuwa ameolewa na pasi yake haikuwa na mtu. Bi Quenu alishaniambia: wiki hii ikipita bila lalamiko, pasi ni yako. Ikishindikana, shangazi yangu alikuwa na nafasi ng'ambo ya bandari, huko Tréport, ya kupasua samaki na kuwatia chumvi. Kazi ile niliifanya majira mawili ya baridi na vidole vyangu bado vilikuwa na alama zake.

"Nitalifuata," nilisema.

Bi Quenu alisema vyema, kabla ya treni. Kisha akaongeza kwamba kama sitalipata nirudi kuaga tu, kapu naweza kuliacha mlangoni.

Nikatoka mbio. Kitu ambacho hakuna aliyekijua dukani ni kwamba sijui kusoma. Mama alipougua niliondolewa shule kabla sijaweza kuunganisha herufi, na baadaye nikaona haya kusema. Nyumba za Mers watu hawaziiti kwa namba. Kila moja ina jina lake juu ya mlango, limeandikwa kwenye kigae, na mimi majina yale niliyaona kama urembo tu. Nilizijua nyumba kwa rangi ya mbao za madirisha. Ya Bi Wattel ilikuwa ya kijani yenye mstari wa njano, nami nikaijua hivyo majira matatu bila kukosea. Lakini mwaka huo nilishikwa na homa masika nzima, na niliporudi kazini wapaka rangi walikuwa wameshashusha ngazi zao, na gauni hili ndilo la kwanza la Bi Wattel nililolipeleka mwaka huo. Chumvi ya bahari inakula rangi, kwa hiyo kila masika nyumba zinapakwa upya. Nililijua hilo. Sikujua kwamba mtu anaweza kuichoka kijani nzuri kama ile.

Barabara ya ufukweni ilikuwa imejaa miavuli. Nilitembea nikitazama juu, nikigongana na watu na kuomba radhi kwa sauti isiyosikika. Asubuhi mkokoteni wa barafu ulikuwa umeziba njia, nikapita upande wa jabali badala ya upande wa stesheni, na nikasimama kwenye kijani ya kwanza niliyoiona. Sasa nikapita upande ule ule. Nikaona kijani yenye mstari wa njano. Nikaingia uchochoro wa nyuma nikaona nyingine. Nikapinda kona, nyingine tena. Nilizunguka vichochoro vile mara mbili, nikapanda ngazi za kwenda kwenye sanamu ya Bikira Maria jabalini ili nione mapaa kutoka juu, nikashuka bila kuona chochote ila mapaa. Sikuweza kusimama hata kuvuta pumzi. Kila nikisimama nilisikia harufu ya samaki, na upepo wala haukuwa unatoka Tréport.

Anselme, mpaka rangi wa mji, nilimkuta ufukweni, anapaka mlango wa kibanda cha kuogea. Nikamuuliza, nikitazama mawe, nani alipaka kijani nyumba zote zile.

"Mimi, nani mwingine?" alisema, na akacheka. "Bi Wattel kachoka na kijani, kataka buluu. Nimebaki na makopo sita, ya kijani na ya njano yake. Nikayauza bei ya chee kwa kila aliyenyoosha mkono. Kijani ya yule mama nimeinyunyiza mji mzima kama padri na maji ya baraka."

Nikamwambia nimepoteza kifurushi katika moja ya nyumba hizo. Alisema huko si kupotea, jina la nyumba si liko mlangoni, herufi kubwa kama mikate, nilisoma jina gani? Nikaokota jiwe, nikaliweka tena chini. Alirudia swali, na nikahisi masikio yangu yakiwaka. Anselme akaweka brashi chini. Hakucheka tena. Alinionyesha kwa kidole, polepole, nyumba moja moja: ile yenye balkoni ya chuma, ile yenye mnara mdogo, mbili zinazotazamana nyuma ya kanisa, na ya mwisho nyembamba kama kitabu, iliyobanwa katikati ya mbili nene. Akasema kama nataka anaweza kwenda nami. Nilikuwa nimeshaondoka.

Nilizibisha zote moja moja, na ilikuwa ile nyembamba. Kufika hapo saa ya kanisa ilikuwa imegonga kumi na moja na nusu. Nilibisha mpaka ngumi zikaniuma, kwa sababu mpishi hakusikia. Jirani ndiye aliyemwita kwa kumtupia ganda la kiazi dirishani. Mpishi akanitazama kwa furaha kubwa. Alisema kwa sauti ya viziwi, ya kusikika mpaka baharini, kwamba gauni limemkaa bibi yake kama alizaliwa nalo. Bibi yake, Bi Delattre, alikuwa amepangisha pale tangu mwezi wa sita. Mumewe, Aristide, hakuja Jumamosi tatu, wala hakuleta barua. Leo lilipoletwa gauni bila salamu yoyote alilia, akasema Aristide kakumbuka, kaona haya kuandika, katuma gauni. Alikwishatangulia stesheni ili apate nafasi ya mbele.

Nilikimbia. Njiani nilipanga maneno na kuyapangua. Nikimwambia kabla ya treni, nitamvunja moyo mbele ya mji mzima. Nisipomwambia, Jumatatu nina kisu mkononi na pipa la chumvi mbele yangu. Nilitamani barabara iongezeke, na wakati huo huo niliichukia kwa urefu wake.

Treni ilikuwa inaingia. Bi Delattre alikuwa mbele kabisa, mwembamba, amejishika mikono, na ile lesi ya shingoni niliijua kwa sababu asubuhi nilimwona Ludivine, mmoja wa wapiga pasi wetu, akiipiga pasi kwa nusu saa. Milango ikafunguka, waume wakamwagika na kofia zao na vifurushi vya keki, watoto wakawaparamia. Nikasogea, nikasimama nyuma ya Bi Delattre, nikanyoosha mkono kumgusa bega.

Aliyesema kwanza ni Bi Wattel. Alikuwa amevaa gauni la kijivu na uso wa kijivu.

"Samahani, bibi. Hilo gauni ni langu."

Bi Delattre akatabasamu, akadhani ni utani. Alisema amelipata kwa mumewe, limetoka Paris leo.

"Kwa mumeo?" Bi Wattel alipaza sauti. "Wiki tatu mtu hajajileta mwenyewe, ndiyo alete gauni?"

Wanawake wawili wakacheka nyuma ya glavu zao. Mmoja akataja neno polisi, kwa wepesi, kama mtu anayetaja mvua. Bi Delattre alikuwa bado anatazama milango ya treni, mmoja baada ya mwingine, na ilikuwa imebaki wazi miwili tu.

"Bibi, usimwite mwizi," nilisema. Sikuitambua sauti yangu. "Ni mimi niliyempelekea. Sijui kusoma. Naenda kwa rangi za madirisha, na kijani yako wamepewa wengine."

Kisha mume wa Bi Wattel, mtu mnene aliyelowa jasho, akauliza kama kuna chakula nyumbani, maana yeye amekuja kumwona mke, gauni litajijua. Watu wakaanza kusogea. Bi Wattel akanikazia macho, akasema analitaka kabla ya misa ya kesho.

Bi Delattre akanigeukia. Alizungumza polepole.

"Kwa hiyo hakukuwa na barua ndani."

"Hapana, bibi."

Tulirudi naye kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, kwa njia za uchochoroni ili asionekane. Nyumbani alilivua nyuma ya mlango na kunipa kwa mikono miwili, limekunjwa vizuri kuliko nilivyolileta.

Dukani habari ilikuwa imenitangulia. Niliweka kapu mlangoni kama nilivyoagizwa, nikaanza kuaga.

"Miaka minne," Bi Quenu alisema. "Miaka minne nakupa majina ya nyumba, na wewe unatikisa kichwa."

Nikasema ndiyo. Ludivine akasema kwa chini kwamba mezani hapo hakuna anayesoma hata jina lake, akaambiwa anyamaze.

"Kapu hulishiki tena," Bi Quenu alisema mwishowe. "Siwezi kumtuma mtu anayekwenda kwa rangi. Nikimtuma tena, mjinga nitakuwa mimi. Pasi haina herufi. Ingia. Na mikunjo ya hilo gauni umeileta wewe, utaiondoa wewe."

Ludivine akasogea kidogo, akasema karibu, Bibi Kijani, na wenzake wakacheka. Nilitandaza gauni. Kwenye mkono wa kulia, karibu na kiganja, palikuwa na unyevu ambao haukuwa wa wanga wala wa jasho. Nilipitisha pasi mara nne ndipo pakakauka, na muda wote huo miguu yangu ilikuwa ikitembea palepale chini ya meza, kama bado nimebeba kapu.