Plagi ya Njano Chini ya Kiti

Shemeji yangu tunamwita Chapchap, na aliyempa jina hilo hakukosea. Asubuhi hiyo alinijia gereji, taa nyekundu ya mifuko ya hewa ya kumkinga mtu ajalini inawaka kwenye dashibodi, na kompyuta mpya ya mifuko hiyo mkononi.

"Fundi mwingine kasema ya zamani imekufa. Nifungie haraka, shemeji, nikamchukue mke wangu kliniki. Si boliti tatu tu?"

"Tatu. Na ukikosea, mfuko unakulipukia usoni."

Nilichomoa waya hasi wa betri, nikamwambia tusubiri dakika kumi, umeme uliobaki uishe. Nikaingia stoo kutafuta spana. Kutoka, namkuta ameurudisha waya, amekaa ndani anapandisha vioo.

"Manyunyu yameanza," akasema.

Nikachomoa, nikaanza kuhesabu upya. Dakika ya saba nikamwona ameiinamia betri tena, eti achaji simu.

"Shemeji, unataka tuzikane?"

"Nawe unakuza mambo!"

Nilimkalisha juu ya tairi kuukuu kama mtoto mtukutu. Dakika zilipotimia nikafungua kifuniko chini ya gia, nikatoa kompyuta ya zamani, nikaweka mpya, mshale uliochorwa juu yake ukielekea mbele ya gari. Nikakaza boliti zote, ndipo nikachomeka plagi. Nikarudisha betri, nikapitisha mkono dirishani kuwasha swichi, mwili wote nje.

Taa ikawaka. Ikagoma kuzimika.

Nilitamani kuirusha spana barabarani. Nikachomoa betri mara ya tatu, nikangoja kwa meno yaliyokazana, kisha nikapiga magoti nikamulika chini ya kiti cha dereva. Plagi ya njano, ile ya nyaya za mifuko ya hewa, ilikuwa imelegea, imeingia nusu.

"Nani kagusa huku?"

Chapchap akajikuna kisogo. "Juzi nilidondosha kifuniko cha kalamu. Nikavutavuta nyaya kidogo."

Nikaisukuma plagi ikalia "ta!" Betri, swichi, taa ikawaka kidogo, ikazimika yenyewe. Kumbe kompyuta ya zamani huenda haikuwa na ubaya wowote, na mimi, fundi wa miaka kumi na minane, nilikubali maneno ya mtu badala ya kuinama kutazama. Hilo liliniuma kuliko Chapchap mwenyewe.

Simu yake ikaita. Mkewe alikwishafika nyumbani, kaletwa na jirani.

"Amekasirika?" nikauliza.

"Kanikatia simu."

"Basi nenda polepole," nikamwambia, nikaanza kukusanya spana zangu.