Toka Juu

"Asipozaliwa mara ya pili," Ezechiel alitafsiri, na mchungaji Firmin akakatiza mahubiri, akageuka kumtazama.

Firmin alikuwa mgeni kutoka Kinshasa, akihubiri kwa Kifaransa. Kiswahili chake kilikuwa haba, lakini kuhesabu alijua, na neno "pili" alikuwa amelisikia.

"Sikusema hivyo," alimwambia kwa upole. "Neno la Kigiriki ni *anothen*. Kweli, laweza kuwa 'tena', na Nikodemo alilisikia hivyo, ndiyo maana akauliza habari za kurudi tumboni mwa mama. Lakini pazia la hekalu nalo lilipasuka *anothen*: toka juu mpaka chini. Waambie, kuzaliwa toka juu."

Ezechiel alikuwa fundi viatu. Kila Jumapili, kwa miaka kumi na moja, alisimama hatua moja nyuma ya wahubiri katika kanisa hili la mabati hapa Rugenge, mtaa wa Uvira, na hakuwahi kuruka neno. Leo alikuwa ameruka moja kwa makusudi. Wiki nzima mjini, "watu wa juu" ndilo jina walilopewa wenyeji wa milima inayoinamia Uvira, na katika mtaa wa Kilibula nyumba zao mbili zilikuwa zimechomwa. Naye alikuwa mmoja wao. Wakati wa nyimbo, wanaume watatu walikuwa wameingia na kuketi kwenye benchi la mwisho, bunduki magotini.

Aliwageukia waumini.

"Muntu asipozaliwa toka juu," alisema, kwa sauti yake ya siku zote, "hawezi kuona ufalme wa Mungu."

Mmoja wa wale watatu akasimama.

"Mutafsiri. Na weye ulizaliwa wapi?"

Watoto waliacha kuchezacheza.

"Minye nilizaliwa kule juu, ku mulima," Ezechiel alijibu. Kisha, kwa mazoea tu, akarudia jibu lake kwa Kifaransa ili mchungaji aelewe.

Yule mtu alitikisa kichwa polepole kukubali, kama aliyepata alichokuja kutafuta. "Maliza kazi yako. Tuko inje."

Aliimaliza. Mchungaji alilitaja neno lile mara nne zaidi, na mara zote nne Ezechiel alisema toka juu.

Baada ya baraka, Mama Candide, kiongozi wa kwaya, alikuja akamshika mkono.

"Papa Ezechiel, twende sisi wote, tukufikishe kwako."

Walitoka wote, watu kama arobaini, yeye katikati. Wale watatu walijibandua ukutani, wakafuata. Kundi lilishuka barabara ya vumbi kwa mwendo wa wazee. Walipofika kwa Candide, Candide hakuingia. Wakapita nyumba za waumini wengine, kwa Pontien, kwa Jolie. Mlango baada ya mlango, hakuna aliyekata kona kwenda kwake. Buti ziliendelea kusikika nyuma yao, bila haraka. Mbele kulikuwa kumebaki nyumba chache tu, ya Ezechiel ikiwa ya mwisho, kisha mchanga, kisha ziwa.