Fungu la Ruben

Walipokwisha kula paja la kondoo, Kavira alikata nyama iliyobaki mfupani, akaanza kuipaka chumvi ya ziwa la Katwe ili aitundike juu ya moshi. Ilikuwa fungu la mwanawe, Ruben, aliyebaki Beni wenziwe walipokimbia vita na kuvuka mpaka hadi Bwera, miaka mitatu sasa. Kwao aliye safarini huwekewa nyama. Maadamu ipo, naye yuko njiani.

"Huyo Ruben tumbo yake iko kubwa kuliko ya afande wangu," alitania Amoding, mke wa askari, jirani aliyeleta paja lile. "Kila mara anawekewa!"

"Mutoto wangu anapenda nyama. Akifika atakula."

Ndipo kikohozi kikavu kikasikika mlangoni, mara mbili. Kavira hakuinua kichwa. Kilikuwa kama cha Ruben; alikisikia kila alipochoma nyama, akajiambia ni masikio ya uzee, ni hamu tu.

Lakini Amoding aligeuka. "Karibu ndani!" akaita, akatoka kuangalia. Mvua ilikuwa imekatika punde tu, na matope ya uani hayakuwa na unyayo hata mmoja. Alirudi bila utani, akaketi karibu sana na Kavira, akaushika mkono wake uliojaa chumvi.

Kavira akalia kidogo. Kisha akaiosha nyama ile, akairudisha kwenye makaa, kwa maana fungu la marehemu haliwekwi.

"Waite majirani, mama," alisema. "Waje wale ingali moto."