Maharagwe ya Adzo

Upepo ulikuwa umekata siku ya kumi sasa, na Krijn, baharia mdogo kwenye meli ya watumwa, alikuwa amepiga magoti kando ya jiko la sitahani, akisugua mbao kwa siki huku pua yake iko kwenye sufuria. Maharagwe na shayiri, kwa mawese. Chakula cha watumwa. Yeye tangu jana alikuwa amekula biskuti moja tu, nayo ina funza.

"Joos, nipe japo ukoko," alimwambia mpishi.

"Ukoko ni wa mkubwa wako, serahangi. Na usinikodolee macho, dogo! Mtumwa akifa, wenye meli kule bandarini kwetu Vlissingen wanalia. Ukifa wewe, wameokoa mshahara."

Mabaharia waliokuwa karibu walicheka. Tusidanganyane, wote walijua ni kweli.

Daktari wa meli akamwita tezini, nyuma ya meli, walikofungiwa wanawake. Mmoja wao, ambaye wenzake walimwita Adzo, alikuwa amegoma kula. Daktari akamtia Krijn bakuli mkononi, na miguuni pake akabwaga lile koleo la chuma la kupanulia midomo.

"Mimi nina wagonjwa wa kuhara huko chini. Nikirudi nikute bakuli tupu. La sivyo tutampanua mdomo, na kichwa utashika wewe."

Juzi Krijn alishika kichwa cha mwingine, akasikia meno yakivunjika. Tangu hapo alikuwa hatulii: akikaa anasimama, akisimama anatafuta kazi ya mikono.

"Kula, dada. Nakuomba. Kidogo tu," alisema, kwa lugha ambayo yule mwanamke hakuijua.

Adzo alimtazama usoni, akaona anavyolikodolea macho bakuli, kisha akalisukuma kwa kiganja mpaka likagusa magoti ya kijana. Akasema maneno mawili matatu. Wenzake wakacheka kicheko kikavu, cha kumzomea.

Krijn akaangaza huku na huku. Akala. Alikula kwa vidole, harakaharaka, akijiambia anamwokoa na koleo. Na kweli alikuwa anamwokoa. Lakini na njaa ilikuwa inamuuma, jamani.

"Amekula?"

"Amekula, bwana daktari."

"Umeona? Wanataka mkono mpole."

Jioni akala tena. Kesho yake mara mbili. Kila akimaliza alijiapiza kwamba bakuli lijalo atasema kweli. Akisema, ni koleo. Akinyamaza, yule mwanamke atakufa. Alijua, hakuwa mtoto mdogo. Mashavu ya Adzo yakabonyea. Ya Krijn yakaanza kurudi, hata Joos akamtania, "Dogo, kumbe funza wa biskuti wananenepesha!"

Siku ya tano asubuhi Adzo hakuamka. Daktari alimgeuza, akamshika mkono, akakunja uso.

"Ajabu. Na alikuwa anakula vizuri."

Wakamtupa baharini. Wanawake walipiga yowe, wakigonga mbao kwa viganja, na serahangi akawachapa mpaka wakanyamaza. Krijn alisimama kando akibadilisha miguu. Mwishowe akajikaza.

"Bwana daktari, yule mwanamke..."

"Najua, imekuuma. Si kosa lako. Una mkono mzuri kwa hawa." Daktari akamkabidhi bakuli jingine, bado linafuka moshi, akamwonyesha msichana wa miaka kumi hivi aliyejikunyata ukutani, ameuma meno. "Huyu naye ameanza kugoma. Nakuachia wewe."

Krijn alitaka kulia. Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni.