Udhuru wa Wakili wa Upande wa Pili

Wakili yule alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha, bali ule unaoamka na mtu. Alikaa mahakamani, jalada la mteja wake mapajani, akiangalia saa. Saa nne kamili bintiye wa miaka saba angesimama darasani mbele ya wazazi asome hadithi aliyoitunga mwenyewe. Mara mbili mama alishaahidi kwenda kumsikiliza, na mara mbili kesi ikamshika. Safari hii alikula kiapo.

Basi kwa nini hakuomba kesi iahirishwe? Woga, tusidanganyane. Mwaka uliopita aliomba udhuru mtoto akiwa na homa, hakimu akakohoa, akasema, "Akina mama mkituletea habari za nyumbani, kesi zitaisha lini?" Ukumbi mzima ukacheka. Tangu siku ile akafyata ulimi. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alimwachia mwanawe sahani nzima.

Saa tatu na nusu kesi ikaitwa. Wakili wa upande wa pili hakuonekana. Akasimama mwenzake wa ofisini.

"Mheshimiwa, mwenzangu anaomba udhuru. Yuko shuleni kwa mwanawe. Leo watoto wanawasomea wazazi hadithi."

Hakimu, yule yule wa mwaka uliopita, akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Huyo ndiye baba! Wangekuwa kumi kama yeye, nchi ingenyooka. Wakili, una pingamizi?"

"Sina, Mheshimiwa."

Kesi ikaahirishwa, naye akafunga jalada kwa hasira. Mteja wake, fundi viatu aliyefungiwa kibanda chake, akamvuta mkono wa joho. "Na mimi je, mama?"

"Wiki mbili tu, baba. Nisamehe."

Akatoka mbio, joho begani, visigino vikimuuma, lakini foleni ya magari ikamchelewesha. Alipofika shuleni, wazazi walikuwa wanatoka. Mlangoni akagongana na yule wakili wa upande wa pili, uso umemng'aa.

"Lo, dada! Kumbe na wewe una mtoto hapa? Ungeniambia tu, tungeahirisha mapema."

Miaka miwili walikuwa wakipingana mahakamani, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake habari za watoto. Wala hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Bintiye alikuwa peke yake darasani, akipanga madaftari kabatini.

"Nimechelewa, mama'ngu. Umesoma?"

"Nimesoma. Baba yake rafiki yangu alipiga makofi sana."

Viti vya wazazi vilikuwa bado vimepangwa, kila kimoja na karatasi yenye mwandiko wa mtoto: Mama. Baba. Bibi. Wakili akavipitia vyote, mstari kwa mstari.

"Changu kiko wapi?"

Mtoto akamshika mkono taratibu, kama anayembembeleza mdogo wake.

"Sikukuwekea, mama. Kingekaa kitupu, halafu watu wangekusema."