Hesabu ya Pili ya Pumzi za Mahira

...na kanyamazishwa tena, yeye Mzamil, fundi majiko wa Majengo, ambaye hata wenye magari yao husubiri zamu kwenye kibanda chake, kanyamazishwa kwa kidole tu, kidole cha Mutanu, binti wa Kikamba, mhudumu wa afya wa mtaa, umri wake sawa na wa watoto wa Mzamil mwenyewe, kidole kimoja hewani na macho kwenye saa ya simu, "Fundi, usiseme kitu, naanza tena, dakika nzima, ile ya kwanza imetoka sitini na mbili," na sitini ndiyo mpaka, kashasema mara mbili kama anayesomesha chuoni, mtoto mchanga pumzi zake zikifika sitini kwa dakika huyo si wa kukaa naye nyumbani, basi zikifika tena mama na mwana wanatoka humu leo hii waende hospitali, arobaini iwe imetimu au haijatimu, naye Mzamil alijibu palepale, kwa sauti iliyofika mpaka nyumba ya tatu, kwamba katika ukoo huu mzazi hajatoka nje kabla ya siku arobaini tangu nyanya yake yu hai, na hatatoka kwa ajili ya saa ya simu... na sasa amesimama uchochoroni nje ya dirisha la binti yake kama mwizi, mikono kwenye nondo, na jiko alilolifua kwa mkono wake liko miguuni pake, limetolewa chumbani kama paka aliyechafua, linawaka bure, saa nne ya asubuhi, jua lote hili, linamwotesha nani... moja, mbili, tatu, naye ataihesabu mwenyewe, haibiwi mtu hesabu hapa, nne, tano, kifua kile cha Mahira mjukuu wake, khanga imefunuliwa, Ummukulthum binti yake kamweka mwanawe mapajani karibu na dirisha kama alivyoambiwa, na kile kifua si kipana kuliko kiganja, kinapanda kinashuka, kinapanda kinashuka, sita, saba, nane, hivi ndivyo wanavyopumua, yeye hajapata kuona, watoto wamezaliwa nyumbani mwake, amewapakata, amewaadhinia masikioni, ila kukaa akatazama mtoto anapumua tu, hilo hajalifanya hata siku moja, nani ana nafasi hiyo... tisa, kumi, na Kulthum macho mazito, kichwa kimeegemea ukuta, siku ya tatu hii kichwa kinamuuma, "Baba, hakinibanduki," alisema juzi nyuma ya pazia, na jana katapika uji wa pilipili manga, na Tumu mkewe akasema ni maziwa yanashuka, mzazi ndivyo alivyo, mwache alale, na akalala, mchana kutwa analala, yuwalala tu na mwanawe yuwalala naye, nyonyo hata halishiki vizuri, na wao wote nyumbani wakifurahi, mtoto mpole huyu, hana kelele, kama babu yake angekuwa hivyo, alisema Tumu, watu wakacheka... kumi na nne, au kumi na tano, kapotea kidogo, atasema kumi na tano, na yule Mutanu alipoingia salamu yake hata haijaitikiwa vizuri, akasimama mlangoni akanusa, akauliza, "Jiko limo humu tangu lini?" Tumu akamwambia tangu siku ya kwanza, chini ya kitanda, mzazi aote moto, viungo visishikwe na baridi, hata wewe mamako alioteshwa, na binti yule akajibu, "Mama alioteshwa, bibi, lakini nyumba yetu ilikuwa ya matope, ukuta una matundu ya kupita mkono," na huku anakung'uta pazia anafungua dirisha, dirisha ambalo yeye Mzamil ndiye aliyeliziba, maana upepo wa pwani huu ukimwingia mzazi haumtoki, alikata vipande vya gunia akavishindilia kwenye kila ufa kwa bisibisi, na mkeka akaukunja chini ya mlango, kazi nusu haifanyi yeye, mtu akimwona anaziba dirisha ajue dirisha limezibwa, na alivitazama vile vipande vikianguka kimoja kimoja, akapandwa na hasira, akasema, "Binti, jiko langu halina moshi, uliza mtaa mzima, makaa yanaiva nje ndipo yanaingia ndani, moshi uko wapi, nionyeshe moshi," na yule akamtazama bila hasira, hilo ndilo lililomuudhi zaidi, bila hasira kabisa, "Moshi hakuna, Fundi, mimi sijasema moshi, makaa yaliyoiva yana sumu isiyo na rangi wala harufu, hiyo ndiyo inayowalaza," naye akacheka, alicheka, Mwenyezi Mungu amsamehe, akamuuliza kama sumu haina rangi wala harufu wewe umeijuaje... ishirini na ngapi, ishirini na tatu tuseme, kifua kinakwenda mbio, mbio kabisa, kama cha ndege aliyeshikwa mkononi, halafu, ya Rabbi, kimesimama.

Kimesimama, hakipandi, na Mutanu hajashtuka, kidole kingali hewani, na Tumu yuko pale kando ya kitanda na mkono mdomoni, na mtoto kimya, midomo wazi kidogo, na lori linalopanda kutoka Shimanzi limepiga honi huko barabarani na halikumwamsha, pandisha, mwanangu, pandisha kifua hicho, na Mzamil naye hapumui, kagundua kwamba hapumui, kama wawili hawa wamefungwa kwa uzi mmoja... kikapanda, kidogo, kisha tena, kisha mbio, na Mutanu akanong'ona bila kuinua macho, "Wachanga hupumzika hivyo, msiogope," kumbe hupumzika, kumbe kiumbe cha siku tisa kinaachia hewa kikaikumbuka tena, nani anakikumbusha, hakuna mkono, hakuna nyundo, hakuna wa kugeuza chochote, na yeye kwa miaka thelathini na mbili anajiona ndiye anayejua hewa Mombasa nzima, maana jiko ni hewa, bati si kitu, pipa la mafuta lililotupwa bandarini yeyote atalikata, kikombe cha udongo cha ndani ya jiko yeyote atakifinyanga, lakini hewa, itoke wapi ipite wapi, kimlango cha chini kiwe upana gani, hilo halikusomeshwa na mtu, hakuwa na mwalimu, alikaa chini mbele ya moto akatazama mpaka moto ukamweleza, ndiyo maana jiko lake halidanganyi, likiwa na ufa anasema hili lina ufa usilinunue, wenzake wanapaka saruji juu wanauza, yeye hapana, na kila mama anayenunua yeye humwambia maneno yaleyale, hata usingizini anaweza kuyasema, mama yangu, ukitaka makaa yalale yasiishe, funga hiki kimlango cha chini, hewa isiingie, yatalala yenyewe, polepole, hayatapiga kelele, ukidhani yamekufa, kumbe...

kumbe.

Vipande vya gunia viko pale sakafuni, saba, vinane, kazi safi, hakuna hata kimoja kilicholegea, na mkeka bado umekunjwa mlangoni, na chumba hiki hatua nne kwa tatu, na ndani yake moto unakula, na moto haushibi, yeye anaujua, anaujua kuliko yule binti na simu yake, moto ukikosa hewa safi unakula nusunusu, unatoa kitu kizito kinachomfanya fundi mwenyewe kichwa kimgonge kibandani siku ya mvua akishusha turubai, mara ngapi kimemgonga, akatoka nje akanywa maji akarudi, akasema ni njaa, miaka thelathini na mbili anasema ni njaa, na hawa wawili walikuwa hawana nje ya kutoka, walikuwa wanakula sahani moja na moto, siku tisa, na mwenye kufunga kimlango ni yeye, kafunga kwa bisibisi, kalaza binti yake na mjukuu wake kama makaa, polepole, bila kelele, na watu wakasifu upole wa mtoto... thelathini na kitu, hajui, hajui tena ni ngapi, na hataki kudanganya, kapotea, ahesabu anayejua kuhesabu, na Sufyan mkwewe alileta meko ya gesi, mtungi mpya na vichwa vyake, akaubeba mwenyewe begani baada ya kazi ya bandarini, "Baba, maji ya kumkanda Kulthum yatachemka upesi, na nyumba haitajaa joto," kijana hakusema kwa kiburi, alisema kwa adabu zake zote, naye akamwambia fundi majiko akipikiwa kwa gesi nyumbani kwake Majengo yote itamcheka mpaka Marikiti, akausukuma chini ya ngazi, uko hapo, na nembo haijabanduliwa... na hapo ndipo, akitazama kifua kile kinavyokwenda mbio, ukamjia uso mwingine, hakuuita, umekuja wenyewe, Khubaib, mtoto wao wa kwanza, siku kumi na moja tu, mpole, hana kelele, na Tumu wakati ule binti mwenyewe bado, kichwa kikimuuma, na jiko chini ya kitanda lilikuwa la kwanza kabisa alilolifua likamridhisha, alilifua kwa ajili ya arobaini ile, na wakasema jicho, na wengine wakasema ni siku zake zimetimia, na yeye alikwenda kuzika akarudi akafua majiko mengine... hajui, hapana, hatajua kamwe, na yule binti naye kasema kweli pale mwanzo kwamba hajui, "Huenda ni jiko, huenda ni mapafu, mimi si daktari, Fundi, ndiyo maana nataka aonwe," huo ndio usemi wa kweli, mtu anasema ninalojua hili na nisilolijua hili, yeye ndivyo alivyojidhania siku zote, na ameinua macho, na Tumu anamtazama, si mtoto, yeye, kupitia nondo, miaka mingi imo mle machoni na hakuna hata mmoja anayeulizwa kitu, akajua kwamba naye yuko hukohuko, siku ya kumi na moja, na pengine alikuwa hukohuko zamani, kabla yake, peke yake.

Na bado kinapanda. Hilo ndilo linalomshinda, kwamba bado kinapanda, alizibiwa dirisha, akazibiwa mlango, akawekewa moto chini ya mgongo, na ile kidogo iliyobaki akawa anaitafuta, sitini na mbili kwa dakika, mtu mzima angechoka asubuhi moja, na huyu hajachoka, hakulalamika, hana hata neno moja la kulalamikia, alikuwa anafanya kazi kuliko fundi yeyote Majengo na wao wakasema amelala, na sasa dirisha liko wazi na upepo waliouogopa wote, upepo wa asubuhi hii unaonuka samaki wa jirani na maji ya sabuni ya uchochoroni, unaingia kati ya mikono yake kwenye nondo, unapita juu ya vidole vyake, anausikia, unakwenda kwa mtoto, unainua kijinywele kimoja kwenye utosi, ndio huohuo, hauonekani, hauna uzito, hauuzwi, na bila huo hakuna jiko wala fundi, na kifua kimeupokea kikaurudisha, kimeupokea kikaurudisha, subhanallah, akasema, au hakusema, midomo tu... na Kulthum amefumbua macho kidogo akamwona babake dirishani, akasema kwa sauti ya kukauka, "Baba, mbona walia," naye hakujua kama analia, na Mutanu akatikisa kichwa, nyamazeni, macho kwenye saa, midomo yake inafika ngapi huko, hamsini na, hamsini na ngapi, Mzamil hakutaka kuisikia, ije ndogo ije kubwa, haimhusu tena, akainama karibu na nondo akasema polepole, kwa sauti ambayo mkewe hakupata kuisikia kwake, "Tumu, mtafutie Kulthum buibui lake," na Mutanu akainua kidole, dakika haijaisha, na Tumu tayari alikuwa amefungua kabati.