Mume wa Wodi Nzima

Ngo! Ngo! Ngo! Rungu liligonga bati la mlango wa wodi ya wazazi, ikafuata sauti nzito ya mlinzi, mzee aliyeitwa Kufuli.

"Haingii mwanamume ila mume! Asiye na mke humu, arudi alikotoka!"

Kijana mwenye sare nyeupe akashusha pumzi. Alikuwa mkunga, kasoma, kafaulu, na hii ndiyo zamu yake ya kwanza. Mtaani walikwisha kumbandika jina: Mama Ndevu. Asubuhi baba yake, mwashi wa kutajika, alimwambia, "Mikono mipana hiyo Mungu kaiumbia mwiko, wewe unakwenda kudakia watoto!" Naye akajibu, "Baba, wewe jenga milango. Mimi nitawapokea wanaoingia duniani."

Maneno matamu, ila muuguzi mkuu hakutaka maneno. "Maliza zamu ya leo humo ndani," alimwambia. "Ukishindwa, kesho uko stoo, unakunja mashuka hadi uzeeke."

"Shikamoo mzee," kijana akamwambia Kufuli. "Mimi ni mkunga."

"Marahaba. Mkunga ni mwanamke. Mlango huu unajua watu wawili tu: mwanamke, na mume mwenye utepe."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mama aliyelazwa alikuwa na utepe mmoja mwekundu, na mumewe aliufunga mkononi. Bila utepe, hata ulie machozi ya damu, hupiti.

Kwenye benchi, mwanamume mmoja aliyeloa jasho akanyoosha mkono. "Kaka, chukua wangu. Mimi nikiona damu naanguka kama gunia."

Kufuli akamfunga kijana utepe kwa heshima zote. "Hongera, bwana harusi. Ingia kwa mkeo."

Akaingia, akazalisha. Mama wa kitanda cha pili akapiga ukelele; kijana alipomgeukia tu, filimbi ikalia mlangoni. "Huyo si mkeo! Toka nje, uoe kwanza!"

Akatoka. Akaoa. Akaingia tena.

Kufikia alasiri mkono wake ulikuwa mwekundu kwa tepe za kuazima toka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na wanaume wa benchini walimwita mume mwenza. Mmoja alikuja juu: "Nasikia umemwambia mke wangu asukume! Mimi sijathubutu kumwambia hata asogee!" Bibi mmoja aliyekuja kumwona bintiye alimkagua kijana juu hadi chini, kisha akamgeukia mkwewe wa halali. "Afadhali huyu mpya. Anafanya kazi."

Mara kitanda cha magurudumu kikaingia mbio, na aliyelala juu yake alikuwa mke wa Kufuli mwenyewe. Mzee akajifunga utepe, akaukaza, akabaki mlangoni, maana zamu ni zamu.

"Mama Ndevu!" muuguzi mkuu akaita toka ndani. "Mtoto katanguliza makalio! Wenzako wote wako chumba cha upasuaji!"

Kijana, aliyekuwa nje akisubiri ndoa nyingine, akaruka. Rungu likashuka mbele ya kifua chake.

"Utepe uko wapi?"

"Unao wewe, mzee."

Kufuli akautazama mkono wake. "Nikikupa huu, mimi nitakuwa nani?"

"Sijui, mzee wangu. Mlango ni wako."

"Wewe Kufuli!" mkewe akanguruma toka kitandani. "Utaniua kwa utaratibu wako! Mwache apite!"

Mzee akang'ang'ana na fundo. Alikuwa amelikaza mwenyewe, likakataa. Akalivuta kwa meno, likakataa. Jasho likamtoka, rungu likamponyoka.

"Ingia!" akafoka. "Ingia hivyo hivyo. Ingia kama... kama mkunga."

Neno lilimtoka kwa shida kama jino. Kijana tayari alikuwa akinawa mikono kitandani kwa mama, na tepe za wake zake zote kazitupa sakafuni. Mama akamdaka sare.

"Mwanangu, wakija kukutoa je?"

"Mama," akasema kwa sauti iliyofika hadi benchini, "waje na filimbi, waje na marungu. Sitoki hapa mpaka nimweke mwanao kifuani pako. Na kesho nitakuja tena, sina mke hata mmoja, nami nitaingia. Nakuahidi."